Manowari Tatu za Banda la Kuku

Meli yangu ya kwanza ilizamishwa Jumapili mchana, na aliyeizamisha alikuwa amepitisha sahani ya sadaka kanisani asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa fundi wa friji, rafiki yangu, mzee wa kanisa mwenye sauti ndogo, mtu wa kukuomba radhi hata akikukanyagia kivuli. Alisimama ukingoni mwa shimo ambalo watu walichimba udongo wa matofali zamani, nje kidogo ya Mamboleo, shimo likajaa maji ya mvua na kuachwa. Suruali ameikunja hadi magotini, rimoti iko mkononi, akaizungusha manowari yake polepole mpaka ubavu wake ukatazamana na ubavu wa yangu. Kisha akafyatua.

Gololi za chuma zilipita juu ya maji kwa kishindo kifupi, na ubao mwembamba wa meli yangu ukapasuka kama mfupa wa kuku unaotafunwa. Nikaona maji yakiingia.

"Kufa!" rafiki yangu akapiga kelele. "Kufa! Kufa! Kufa!"

Kazi ya miezi minne ilizama kwa muda ambao mtu humaliza kikombe cha chai. Lakini kilichonishtua zaidi ni ile sauti. Sikujua kwamba alikuwa nayo. Na miezi mitatu baadaye, nilipokuwa nimetengeneza meli nyingine na kuitoboa yake matundu kumi na mbili, nilijisikia nikipiga kelele hizo hizo, tena kwa nguvu kumshinda.

Tulikuwa watatu. Mimi ni fundi wa meno bandia. Nakaa siku nzima katika chumba kidogo nyuma ya kliniki mjini Kisumu, nikichonga meno ya watu ambao mara nyingi siwaoni uso. Watu huniita Daktari ingawa sijawahi kung'oa jino. Wa pili ni huyo fundi wa friji. Yeye alitoka upande wa Vihiga, akaja Kisumu kijana, akaoa, akapata karakana yake na wateja wake, na kila mtu akamwita Fundi tu. Wa tatu tulimwita Sajini, kwa sababu cheo hicho ndicho alichostaafu nacho katika jeshi la majini huko pwani. Alirudi nyumbani akiwa na goti bovu na picha ya meli iliyokatwa kwenye kalenda.

Picha hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Aliniletea nyumbani, akaiweka mezani, akaniuliza kama ile plastiki ya waridi ninayotengenezea ufizi inaweza kufinyangwa iwe mizinga. Nilicheka. Halafu nikaitengeneza. Mizinga minane ya rangi ya ufizi, kila mmoja kama kidole cha mtoto. Sajini aliigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu, halafu akasema, "Sasa inataka meli."

Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na banda la kuku ambalo kuku wake walikuwa wamekufa wote kwa ugonjwa. Tuliliosha kwa dawa, tukaweka meza ndefu, tukavuta waya wa taa. Jumamosi baada ya kazi tulikutana hapo. Mbavu za meli tulizikata kwa plaiwudi, ngozi yake ikawa mbao nyembamba kama karatasi ngumu. Mota na rimoti tulizipata sokoni Kibuye, kwenye marundo ya vitu vya kuchezea vilivyotumika ng'ambo, na mama mmoja muuzaji alizoea kutuwekea magari yaliyovunjika magurudumu lakini mota zake nzima. Kila meli ilikuwa na urefu wa hatua moja na nusu. Zilikuwa nzuri. Nasema hivi bila aibu; jirani zangu walikuja kuzitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Fundi ndiye aliyetaka zipigane.

"Manowari isiyopiga ni mtumbwi uliopakwa rangi," alisema. Alijua mambo ya gesi na mabomba ya shaba na presha, hiyo ndiyo kazi yake. Mwezi haukwisha akaja na mtungi mdogo na bomba tatu fupi, akalenga debe lililokuwa ukutani. Debe likatoboka pande zote mbili. Tulitazamana watu wazima watatu, na hakuna aliyesema tuache.

Sajini aliweka sheria. Kila mtu avae miwani ya kuchomelea. Mtu asisimame nyuma ya meli inayolengwa. Na meli ikianza kulala upande, mwenyewe akainua mkono, hakuna kupiga tena. Sheria hiyo ya mwisho aliisema mara mbili.

Mke wangu alituambia ukweli mapema kuliko tulivyojiambia wenyewe. Siku moja alinisubiri mlangoni na beseni la nguo kiunoni.

"Huko shimoni mnapigana na nani?"

"Hatupigani, Mama Watoto. Tunacheza."

"Mama wa jirani alipita huko akasikia mtu akisema atamtoa mwenzake matumbo. Akasema ni sauti yako."

Ilikuwa sauti yangu. Na kuna jambo ambalo sikumwambia. Jumamosi moja bata wa porini alitua katikati ya maji, na mimi, bila kufikiri hata kidogo, nikageuza mizinga na kumpiga. Bawa lilivunjika. Akaanza kuzunguka, akizunguka na kuzunguka, akipiga maji kwa bawa lililobaki, na maji yakawa mekundu. Fundi alicheka, mimi pia nikacheka. Sajini aliingia majini na viatu vyake, akamshika yule bata, akamnyonga shingo mara moja, akarudi akaniwekea miguuni. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Jumamosi iliyofuata, tukiwa bandani tunapiga msasa, alitusimulia. Alipostaafu, alisema, kampuni moja ya kulinda meli za mizigo ilimchukua kwa mwaka mmoja. Siku moja baharini boti ndogo iliwasogelea na haikusimama walipoionya. Wakapiga. Boti ikapinduka, na mtu mmoja akabaki majini, mikono yote miwili juu, akisema kitu kwa lugha ambayo hawakuijua. Mlinzi aliyesimama kando ya Sajini akampiga huyo mtu akiwa na mikono juu.

"Na wewe?" Fundi akamwuliza.

Sajini aliendelea na msasa. "Mlinzi hakuwa amemwona. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwa kidole."

Baadaye kidogo Fundi akauliza nani amechukua gundi, na kazi ikaendelea.

Labda ningekuwa mtu mwenye akili ningesema siku hiyo basi, tuziweke meli hizi rafuni tuzitazame. Lakini tulipenda vita. Wiki nzima mimi nilikaa na meno ya watu, Fundi na friji za watu, na Sajini na goti lake, halafu Jumamosi ikafika na kulikuwa na mahali pa kupasua kitu.

Mwezi wa mvua ndefu, maji ya shimo yakiwa yamejaa hadi ukingoni, Fundi alimbana Sajini kwenye kona. Meli ya Sajini ilikuwa ndiyo ile ya picha, kubwa kuliko zetu, na hakuna aliyewahi kuizamisha. Fundi aliipiga chini ya mstari wa maji, ikalala upande. Sajini akainua mkono.

Fundi akapiga tena.

"Mkono uko juu!" Sajini akasema.

Fundi akapiga tena. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtoto anayekunwa tumbo, na gololi zilikuwa zinaingia kwenye sitaha na kuvunja mizinga yangu ya waridi mmoja mmoja. Sajini alizunguka shimo kwa mwendo ambao goti lake halikupaswa kuweza. Alikuwa ameshika upondo tunaotumia kuvutia meli. Alimpiga Fundi mdomoni kwa ncha ya ule mti.

Nilisikia jino likikatika. Naijua sauti hiyo.

Fundi alikaa chini kwenye matope, akagusa mdomo, akatazama damu mkononi. Kisha yule mzee wa kanisa akaruka kama mbwa aliyefunguliwa. Wakaanguka wote wawili. Akamkaba Sajini koo, Sajini akamtia kidole jichoni, wakabiringika hadi majini na kutoka, wakipigana bila maneno, pumzi tu na matope. Mimi nilisimama. Sikuwaamua, angalau si mara moja. Nilitazama, na sehemu fulani yangu ilitaka kuona nani atashinda. Nilipoingia hatimaye nilipigwa kiwiko cha shavu, na wote watatu tukalala pale ukingoni tukihema kama ng'ombe waliokimbizwa.

Jino la Fundi nililitengeneza mimi mwenyewe. Lilimkaa vizuri. Lakini kwa wiki tatu wale wawili hawakusemezana.

Sajini ndiye aliyevunja ukimya. Alikwenda nyumbani kwa Fundi, mtaa wa Manyatta, na jogoo mzima chini ya kwapa, akaomba msamaha mbele ya mke wa Fundi. Nilikuwepo. Alisimama wima mlangoni kama yuko kwenye gwaride. "Mama," alimwambia, "nilimpiga mume wako. Nilikosa. Sina la kuongeza." Mke wa Fundi, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alimpokea jogoo, akasema, "Ingia, Baba."

Siku hiyo, tukila, Sajini akatualika kwao, upande wa Asembo Bay, kando ya ziwa. "Tuache hilo dimbwi la vyura," alisema. "Twende tuzijaribu ziwani kwenyewe. Mama yangu atawapikia." Alikuwa anatafuta namna ya kuturudisha pamoja, na sisi tulikubali kwa furaha, kwa sababu sisi pia tulikuwa tunaitafuta.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa pikapu yake, meli zimefungwa kwa blanketi nyuma. Boma la mama yake lilikuwa mlimani, juu ya ufuo. Mama mzee alitushika mikono mmoja mmoja, akaniuliza kwa Kijaluo mimi ni wa wapi na nyanya yangu alitoka ukoo gani, akaridhika. Fundi alimsalimu kwa Kiswahili, naye akacheka akamwita mgeni. Sajini alibaki amchinjie mama yake kuku. Alituambia tumsubiri. Hatukumsubiri. Tulichukua meli mbili, yangu na ya Fundi, tukashuka nazo kama watoto waliopewa ruhusa.

Ufuoni akina mama walikuwa wanatandaza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja za kukaushia. Tuliwasalimu. Walijibu kwa sauti ya chini, wakatutazama mgongoni. Niliona hilo na sikuuliza. Tulichokuwa hatujui, na ambacho Sajini mwenyewe alikuwa ameambiwa nusu tu kwenye simu, ni kwamba siku tano kabla, watu wenye silaha walikuwa wamevamia wavuvi wa ufuo ule ziwani. Walichukua injini za mashua tatu. Kijana mmoja aliyekataa kuachia injini yake walimkata mkono kwa panga na kumwacha azame. Alikuwa amezikwa jana yake.

Tuliziweka meli majini. Mawimbi ya ziwa si kama maji ya shimo. Meli yangu ilicheza kidogo nikairudisha haraka nchi kavu. Ya Fundi ilisukumwa na upepo hadi kwenye matete, karibu na mahali mashua zilipofungwa, ikanasa kwenye magugu maji. Akaifuata. Aliingia hadi kiunoni, rimoti imening'inia shingoni, na kwapani ameshika mizinga ya akiba, zile bomba tatu za shaba na mtungi wake, kwa sababu alitaka kuibadilisha huko huko. Mimi nilikuwa hatua kama hamsini, kando ya chanja, nikiikausha meli yangu kwa shati.

Mashua ikaja kutoka ziwani na wanaume wanne. Waliona mtu wasiyemjua, ndani ya matete, karibu na injini zao, ameshika bomba za chuma. Mmoja akamwuliza kwa Kijaluo anafanya nini pale.

Fundi aliishi Kisumu zaidi ya miaka kumi na tano, lakini Kijaluo chake kilikuwa cha kununua samaki tu. Akajibu kwa Kiswahili. "Natafuta meli yangu."

"Meli gani?"

Na Fundi, mtu asiyejua kudanganya, akasema, "Ya vita."

Kasia lilimpata begani. Alianguka, akainuka na mizinga bado mkononi, na nadhani hapo ndipo walipoamini kabisa. "Jakuo!" mmoja akapiga yowe. Mwizi. "Jakuo! Jakuo!" Neno hilo likaenda ufuo mzima. Wanaume walitoka nyuma ya mashua, chini ya miti, kwenye vibanda vya nyavu, kila mmoja na alichookota. Walimburuta Fundi kwa miguu hadi kwenye mchanga, na wakaanza kumpiga.

Mimi niliinama nyuma ya chanja.

Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba miguu iliniishia nguvu, au kwamba nilikuwa natafuta njia ya kwenda kumwita Sajini. Hapana. Niliinama kwa sababu sikutaka kuonekana. Mimi ni Mjaluo. Nilikuwa na lugha yao mdomoni. Nyanya yangu ametoka vijiji vichache tu kutoka pale, mama mzee alikuwa amethibitisha hilo saa moja iliyopita. Maneno matatu yangetosha, na nilifunga mdomo, nikatazama kupitia nafasi za miti ya chanja.

Niliona kila kitu. Walimpiga kwa makasia, kwa kamba ya nanga, kwa mateke. Mwanamke mmoja, ambaye baadaye niliambiwa ni mama wa yule kijana aliyezikwa, alimpiga kwa ubao wa kupakulia omena, akilia, akisema jina la mwanawe kwa kila pigo. Fundi alikuwa anasema "mimi fundi, mimi fundi wa friji," na kila alipofungua mdomo walimpiga mdomoni, mpaka maneno yakawa mapovu mekundu. Kasia likamshukia usoni, upande wa kushoto. Alinyamaza. Waliendelea. Mtu akasema petroli. Mwingine akakimbia kwenye mashua kuchukua galani.

Ningependa kuandika kwamba neno petroli ndilo lililonitoa. Lakini hata hapo sikutoka. Kilichonitoa ni mama mmoja wa omena aliyegeuka akaniona nimechuchumaa.

"Na huyu je?" akasema kwa Kijaluo. "Na wewe ni wao?"

Nilitoka kwa sababu nilionekana.

Nikakimbia kuelekea kwenye lile kundi, mikono juu, nikipiga kelele. "Orwa! Orwa!" Shemeji wetu. Ndilo neno lililokuja. "Huyu ni shemeji wetu, mimi ni mtoto wa hapa, mwacheni!" Mwanaume mmoja alinigeukia na kupiga bila hata kunisikiliza. Niliinua mkono kujikinga, na mfupa wa mkono ukakatika juu kidogo ya kiganja. Nilianguka kwa magoti. Kutoka pale chini nilimwona Sajini.

Alikuwa anashuka mlimani, akichechemea, amevaa fulana, mikono ina damu ya kuku. Nilitegemea atapiga mtu. Nilitegemea atatoa amri kwa ile sauti yake ya jeshi. Hakufanya hivyo. Alipenya katikati yao kama mtu anayepita sokoni, akafika alipokuwa Fundi, akalala juu yake. Alijitandaza kifudifudi, akamfunika kichwa kwa mikono yote miwili, akatulia.

Walimpiga yeye pia. Niliona kasia likimshukia mgongoni mara tatu, na kila mara mwili wake ulishtuka na haukuondoka. Kisha mtu mmoja akapiga kelele, "Acheni! Ni mtoto wa mama wa pale juu! Ni wetu huyo!" Makasia yakasimama hewani. Kukawa kimya, nikasikia maji, na nikasikia Sajini akimwambia Fundi sikioni, taratibu, kwa Kiswahili, "Usiondoke, ndugu yangu. Usiondoke. Niko hapa juu."

Mtu wa galani alikuwa amefika. Alisimama pale akitazama galani yake kama hajui ilifikaje mkononi mwake. Halafu akaiendea meli ya Fundi, iliyokuwa imeokotwa kutoka kwenye matete, na meli yangu kando yake, akazimwagia zote mbili petroli na kuziwasha. Nadhani alihitaji kuchoma kitu.

Tulimpakia Fundi nyuma ya pikapu. Nilikaa naye njia yote hadi Kisumu, kichwa chake mapajani mwangu, mkono wangu mmoja ukiwa umevimba kama mgomba. Sajini aliendesha na mbavu mbili zilizovunjika. Hospitalini walifanya walichoweza. Jicho la kushoto halikuokoka. Meno saba yalikwenda, pamoja na lile nililokuwa nimemtengenezea. Sikio moja husikia kama mtu aliye chini ya maji.

Wazee wa ufuo walikuja wodini na samaki wakubwa wawili na maneno mazuri. Mke wa Fundi aliwasikiliza hadi mwisho, akachukua wale samaki, akawaweka nje ya mlango sakafuni, akarudi kukaa kando ya mumewe. Wanaume wawili walikamatwa. Mmoja alikuwa mtoto wa binamu yake Sajini, na Sajini alisimama kortini akamtaja. Tangu siku hiyo hapokelewi katika maboma mengi ya kwao. Mama yake bado humpikia.

Miezi mitano baadaye, mkono wangu ulipopona, Fundi alikuja kliniki kuchukuliwa kipimo cha meno mapya. Kazi hiyo ni ya daktari wa kliniki mwenyewe, lakini aliniachia kwa sababu alijua Fundi ni rafiki yangu. Nilichanganya ule uji mzito wa waridi, nikauweka kwenye kibakuli chake cha chuma, nikamwingizia mdomoni na kumshikia taya. Unaganda kwa dakika tatu hivi. Muda huo mgonjwa hawezi kusema.

Nikamwambia wakati huo. Sasa najua nilichagua wakati huo kwa makusudi, maana hata kuungama nilikuwa naogopa. Nilimwambia nilikuwa wapi. Nilimwambia niliona kila pigo, na kwamba nilitoka kwa sababu mama wa omena aliniona. Jicho lake moja lilinitazama bila kupepesa. Mate yalimtiririka kidevuni na nikayafuta.

Nilipotoa kibakuli alisukutua, akatema, akasukutua tena.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona wapi?"

"Nyuma ya omena. Niliona shati lako. Kabla hawajanipiga jicho." Alikausha mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa naomba usitoke. Nilisema, wakituua wote wawili, nani atamwambia mke wangu mimi sikuwa mwizi?"

Sijui kama hiyo ni kweli au alinipa tu kama mtu anayempa mwenzake kiti. Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili, akaondoka akigusa ukuta kwa mkono wa kushoto, upande asioona.

Hatujengi meli tena. Fundi amerudi kwenye friji zake, ana kijana wa kazi anayemsomea vipimo vidogo, na Jumapili bado anapitisha sadaka. Sajini hufika kwake kila Alhamisi. Hukaa nje wakisikiliza mpira redioni, sauti wameiweka juu sana kwa ajili ya lile sikio. Mimi huenda Jumamosi. Mke wake huniletea chai na kuiweka mezani bila kunisalimu. Mwaka mzima ilikuwa hivyo, na niliona ni haki yake.

Jumamosi iliyopita Fundi alikuwa hajarudi kutoka kwa mteja. Mke wake alileta chai, akaiweka, na badala ya kuondoka akavuta kigoda akaketi mbele yangu.

"Amenieleza," alisema. "Zamani sana amenieleza. Mimi nataka kukuuliza kitu kimoja, Daktari, na usinidanganye. Ulikaa huko nyuma muda gani?"

Nilisema sijui. Nikasema mrefu. Nikasema niliona mpaka walipompiga jicho, na baada ya hapo, na bado nilikuwa nimeinama.

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Kisha akasukuma sukari upande wangu, akaniambia kwamba mume wake anaweza kuchelewa, na akauliza mke wangu anaendeleaje.